Paking ya Kanisa na Omena Yetu

Kama omena, hiyo dagaa yetu, haijakauka siku ile ile imetoka kwa ziwa, hiyo si omena tena. Jioni inaanza kunuka vingine, asubuhi ni chakula ya kuku. Kwa hivyo mtu wa omena hana raha. Anaamka akiangalia juu, anatembea akiangalia juu, hata akiongea na wewe jicho moja iko kwa wingu. Mimi nimeishi hivyo miaka mingi mpaka shingo ikazoea.

Hii nasema ni ya wakati nakaa Nyalenda, miaka ya themanini ikielekea kuisha. Kwetu ni Asembo Bay, lakini nilikuja Kisumu na bwanangu akiwa kibarua, halafu yeye akafa akaniacha na watoto wanne na beseni moja kubwa. Hiyo beseni ndio ilisomesha watoto. Asubuhi mapema nashuka Dunga, mashua zinarudi na taa zao, nanunua omena mbichi, nabeba kichwani maji yake ikinitiririka shingoni, naenda kuanika. Ikikauka naweka gunia, napeleka soko ya Kibuye.

Sasa kuanika inataka mahali, na Nyalenda hakuna mahali. Nyumba imeshikana na nyumba. Ukianika mbele ya mlango yako, umeanika kwa mlango ya jirani, na kuku wa jirani hajui mpaka. Mahali yetu ilikuwa kanisa. Kanisa yenyewe ilikuwa ya udongo, mabati imekula kutu, lakini nyuma yake, upande wa ziwa, kulikuwa na kiwanja mzuri ya nyasi fupi. Pasta alituruhusu sisi wamama sita tuanike hapo Jumatatu mpaka Jumamosi. Tulikuwa tunatandika par. Par ni ile mkeka ya mafunjo, sisi Wajaluo ndio tunaiita hivyo. Omena inalala juu ya par, haishiki mchanga. Mwanamke wa Kibuye kabla anunue anatafuna omena moja. Akisikia mchanga kwa jino, anaiweka chini pole pole, anaenda kwa mwingine, hata hakutukani.

Basi kanisa ikajaa. Jumapili watu wanasimama nje na jua, watoto wanapita kwa dirisha. Ikaundwa kamiti ya kujenga ingine kubwa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mzee aliyestaafu, mwenye miwani ya kufungwa na waya. Na kulikuwa na injinia, mtu wa Migosi, alikuwa anachora ramani kwa ofisi fulani mjini, na alikubali kuchorea Mungu bure. Mtu mnene kidogo, mpole, ana pikipiki inayokohoa. Huyu injinia alikuwa na maneno yake mpya. Alisema hatutachoma matofali, kwa sababu kuchoma ni kumaliza miti. Alisema tutaleta mashine ya mkono, unaweka udongo nyekundu na simiti kidogo, wanaume wawili wananing'inia kwa mkono wa mashine, tofali inatoka. Alisema hatutaweka feni za kula stima, tutaweka dirisha kubwa upepo ifanye kazi ya bure. Na maji ya mvua haitapotea, itashikwa na mfereji wa mabati mpaka kwa tangi. Hapo kwa tangi wamama walipiga vigelegele. Nyalenda wakati huo bomba moja ya maji ilikuwa ya watu wengi sana, unapanga mitungi, unapigana, unaenda nyumbani na nusu.

Siku ya kupitisha ramani tulikaa baada ya ibada. Kanisa yetu ilikuwa ya mchanganyiko, Wajaluo na Waluhya, kwa hivyo mambo ya kamiti ilisemwa kwa Kiswahili, halafu mzee fulani anageuza kwa Dholuo kwa sisi wenye masikio mazito. Hiyo siku huyo mzee alikuwa ameenda matanga. Pasta akasoma peke yake, kitu moja moja, watu wanainua mkono. Tofali ya mashine, mikono juu. Dirisha, juu. Tangi, wengine waliinua mbili. Kitu ya mwisho, pasta akasoma kwamba upande wa ziwa, kile kiwanja yote, itakuwa paking.

Mimi baspak nilijua, pale mabasi yanalala. Stenji nilijua, pale matatu inabeba watu. Lakini hii neno nilisikia vile masikio yangu ilizoea kusikia. Nilisikia par. Na king ni mfalme, hiyo nilijua, darasa la pili tulifundishwa kabla nitolewe shule. Nikaunganisha. Par ya mfalme. Nikaona kamiti imekumbuka wamama wa omena, imetupatia kiwanja ya kutandika mikeka mpaka mwisho wa dunia, na imeipa jina ya Yesu mwenyewe. Roho yangu ikaruka. Sikuinua mkono tu, nilisimama. Nikasema mbele ya kanisa yote, "Hiyo ya mwisho imetoka kwa Mungu."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaandika kwa kitabu kwamba mama mmoja mjane ameunga mkono.

Tukitoka, nilikuwa natembea kama msichana. Nilikuwa na rafiki wa omena, mwanamke Mluhya aliyesoma mpaka darasa la saba, mdomo yake haina breki. Akaniuliza nilikuwa nafurahia nini vile.

"Si wametupatia mahali ya par," nikamwambia.

"Par gani?"

"Si amesema par-king."

Alinitazama. Halafu akakaa chini, kando ya barabara, na nguo yake ya kanisa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, hiyo ni ya gari. Ni mahali gari inasimama ikingoja mwenyewe." Akacheka tena kidogo. Halafu kicheko ikaisha polepole, nikaona imeisha, akasema, "Na omena itaenda wapi?"

Kutoka hapo sikutulia. Nilienda nyumbani nikaanza kuosha sufuria safi. Nilitoka nikaenda kwa jirani, kabla akaribishe nimerudi. Unajua, ingekuwa nimekaa kimya ningeenda kwa pasta nikalia. Lakini nilikuwa nimesimama nikataja Mungu. Utarudi useme nini, kwamba Mungu alikosea masikio yako? Na wenzangu watano walikuwa wananiangalia vibaya. Mmoja aliniambia wazi kwamba yeye aliinua mkono kwa sababu aliniona mimi nimesimama.

Tuliambiwa vile itakuwa. Kiwanja itamwagwa murram, ile changarawe nyekundu ya barabara, ishindiliwe, ifungwe seng'enge na geti. Geti itafunguliwa Jumapili peke yake. Nikauliza rafiki yangu kanisa iko na gari ngapi. Akahesabu. Iko pikapu ya mwalimu, iliyokuwa inasukumwa kuliko kuendeshwa. Akaacha kuhesabu.

Alhamisi injinia alikuja na kamba na vigingi. Ijumaa asubuhi natoka Dunga na beseni, napata vigingi imezunguka kiwanja yangu yote, imepakwa chokaa kichwani, kama meno. Nikatua beseni. Nikaangalia huku na huku. Sikuwa nimepanga, naapa, mkono ndio ilienda. Nikang'oa kigingi moja, nikapiga hatua mbili kuelekea kanisa, nikaigonga na jiwe. Halafu nikafunika shimo na nyasi, nikatandika par juu.

Jumamosi nikasogeza ingine. Jumatatu ingine. Niliona paking ikipungua kidogo kidogo, na badala ya kupata raha, nikazidi. Mtu akiniita jina nashtuka. Rafiki yangu akaniuliza kama niko na malaria. Hata yeye sikumwambia, na mimi siwezi kuficha hata bei ya chumvi.

Injinia akarudi kupima. Alipima, akaangalia karatasi. Akapima tena. Akavua kofia. Alishika kamba akatembea kutoka kigingi mpaka kigingi akihesabu na mdomo, na mimi niko pale nageuza omena ambayo nimeshageuza. Sikumwangalia. Nilisikia akijisemea kwamba haiwezekani.

Wiki ya pili ikawa maneno. Wazee wakasema huyu mtu hajui kazi, leo anasema kiwanja ni kubwa hivi, kesho ni ndogo. Mmoja akasema kitu ya bure ndio hivyo. Wakaita kikao Jumamosi. Rafiki yangu ndiye aliniletea habari: injinia amechoka na matusi, anakuja kuchukua ramani yake, aende. Akienda, kanisa haina pesa ya kulipa mwingine. Akienda, anaenda na tangi.

Tangi sasa. Nilikuwa nataka kiwanja, sikuwa nataka kunyima Nyalenda maji. Hiyo Jumamosi omena yangu ilikuwa nje na wingu inakuja kutoka milima ya Nandi, na nilikuwa nakimbia huku na huku, nakusanya par, natandika tena, nasikia sauti za wanaume ndani ya kanisa. Mwishowe niliacha omena na wingu ijuane. Nikaingia na mikono inanuka.

Kulikuwa na pasta, mwalimu, wazee watatu, na injinia amesimama, karatasi imeviringishwa kwa kwapa. Mzee mmoja akaniambia wamama wangoje nje.

Nikasema, "Ni mimi. Vigingi ni mimi nilisogeza."

Pasta ndiye alianza, polepole. "Mama, si wewe ndio ulisema imetoka kwa Mungu?"

"Pasta, nilifikiri ni par. Nilifikiri mmetupatia mahali ya mikeka. Par ya mfalme."

Mwalimu akatoa miwani. Niliona bega yake inatikisika, nikafikiri analia, kumbe ni kicheko imemkaba. Wazee wakaanza kusema "par-king, par-king" kwa Dholuo mpaka yule Mluhya kati yao akaomba aelezewe. Nilisimama hapo natamani udongo ipasuke. Lakini injinia hakucheka. Aliniangalia kama mtu anasoma.

"Mama, ulisogeza hatua ngapi?"

"Mbili. Kila siku kigingi moja, hatua mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Nikisogeza tatu ungejua."

Akaweka ramani chini kwa benchi. Akasema amekuwa akitukana macho yake wiki mbili, anaamka asubuhi anapima mlango ya nyumba yake kuona kama futi bado ni futi. Hapo nililia. Si kwa kiwanja. Mtu mpole hivyo, nimemfanya ashuku macho yake.

Halafu akaniuliza kitu hakuna mtu wa kamiti alikuwa ameniuliza. Aliuliza kwa nini tunaanika hapo na si mahali pengine. Nikamwambia kwa sababu hapo ardhi inakunywa. Mvua kubwa ikipiga Nyalenda, huu udongo yetu nyeusi inavimba, njia zote zinakuwa mto, lakini hicho kiwanja kwa sababu ya nyasi inameza, kesho yake unatandika. Nikamwambia, "Ukimwaga murram ukaishindilia, hiyo maji haitanywewa. Itateremka. Itaingia kwa nyumba zetu huko chini, na ile ingine itarudi ikuingilie kwa mlango ya kanisa yako."

Mzee mmoja akasema tangu lini omena inafundisha injinia. Injinia akamwomba anyamaze kidogo.

Nikawa nimepata moto, sikuweza kusimama. Nikamwambia na dirisha pia umekosea. Alikuwa amechora dirisha kubwa upande wa mjini na ndogo upande wa ziwa. Akasema alipima upepo, mara tatu. Nikamuuliza saa ngapi. Asubuhi, kabla ya kazi. Hapo nikacheka mimi sasa. Asubuhi upepo inatoka nchi kavu inaenda ziwani. Ni mchana inageuka. Saa nane, saa tisa, inakuja kutoka ziwa na nguvu, inabeba par na omena juu yake kama haujaweka jiwe. Na ibada yetu ilikuwa inaendelea mpaka hizo saa, kwa sababu pasta akishika neno alikuwa haachi. Nikamwambia aje saa tisa.

Jumanne alikuja saa tisa. Sijui ofisini alidanganya nini. Alikunjua ramani kwa kiwanja, na upepo ikampokonya ikaenda nayo mpaka kwa ua ya jirani. Alikimbia, mtu mnene vile, akairudisha imepasuka pembe. Alikuwa anafurahi. Akasema dirisha kubwa inahamia upande wa ziwa, na murram hakuna, nyasi inabaki.

Nikapiga makofi. Halafu nikaona ameacha kufurahi. Alikuwa amesimama na pua juu.

"Mama," akasema, "umenipa upepo. Lakini upepo inakuja na omena yako."

Nilisimama hapo na beseni. Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nimefungua dirisha, na kupitia hiyo dirisha itaingia harufu ya kunifukuza. Unaweza jichimbia shimo kwa mikono yako mwenyewe na uimbe ukichimba.

Kikao ingine ikaitwa. Hiyo wiki sikulala, kitandani nilikuwa nageuka kama chapati. Jumapili hatuaniki, sawa, lakini kanisa ina maombi ya jioni katikati ya wiki, na kuna wamama wa kwaya walisema wazi hawawezi kuimba mazoezi ya Jumatano na samaki kwa pua. Mimi sikuomba kuzungumza, nilikuwa nimezungumza ya mwaka mzima. Ni injinia alisimama. Alisema mbele ya kanisa, upande wa barabara, kuna ukanda mwembamba. Amepima, na wakati huu amekuja kupima mara mbili asubuhi na jioni. Watu wakanicheka. Hapo gari zinatoshea tisa, zikisimama kiupande. Kwa hivyo paking iwe hapo. Kiwanja ibaki ya wamama, lakini omena itolewe kabla ya saa nane, kabla upepo igeuke, na Jumatano isianikwe.

Mzee mmoja akauliza na gari ikizidi tisa?

Mwalimu akafikiri. Akasema siku kanisa itapata gari ya kumi, kiwanja itafunguliwa iwe paking vile ilipitishwa. Akauliza wanaokubali. Pasta alinitazama kwanza akasema kwa sauti, pole pole, kama anayeongea na mtoto, "Gari, mama. Za magurudumu." Nikainua mkono.

Basi ikajengwa. Ilichukua miaka, kwa sababu ya bure haina haraka. Mvua kubwa ya kwanza tangi ilijaa mpaka ikamwaga, wamama walisimama chini ya mfereji wakalowa makusudi. Saa tisa ya Jumapili upepo inaingia kwa zile dirisha, hata mzee aliyenitukana analala usingizi mzuri.

Lakini mimi nikapata kazi mpya, ya kuhesabu. Kila Jumapili. Pikapu ya mwalimu, moja. Karani wa manispaa akanunua Peugeot, mbili. Mtu anayeuza vipuri, tatu. Wakati pasta anahubiri, nikisikia injini nje, neno linapotea. Watu walikuwa wanatoa ushuhuda, wanasema Bwana amenibariki na gari, kanisa inasema haleluya, na mimi nasema haleluya nikiongeza kidole. Nilikuwa naomba nikisema Baba bariki watu wako, wape watoto, wape ng'ombe, wape nyumba ya mawe. Kuna vitu vingi vya kubariki mtu.

Miaka ya tisini ikaingia. Gugu ya maji ikaja ikafunga ziwa, kuna siku mashua haingeweza kufika Dunga, na omena ikawa ya kutafutwa. Lakini ikipatikana, kiwanja ilikuwa hapo. Gari zikawa saba. Mmoja akauza yake, nikalala vizuri mwezi mmoja. Zikawa nane. Tisa. Kitinda mimba wangu alikuwa bado sekondari, miaka miwili ikibaki.

Ndio wakati huo msichana wangu mkubwa, aliyeolewa Nakuru, akaandika barua kwamba wanakuja Pasaka na bwanake. Nilifurahi nikaimba. Halafu kitinda mimba akasoma mstari ya mwisho. Wamenunua gari.

Walifika Jumamosi jioni, gari nyeupe, watoto wote wa Nyalenda wakaizunguka. Huyo ni mtoto wa beseni. Niliishika hiyo gari kwa mkono, ilikuwa moto, nikalia kwa furaha. Usiku roho ikaanza ile mambo yake.

Asubuhi wakavaa. Mvua ilikuwa imenyesha na unajua udongo yetu, inashika kiatu kama inadai. Mkwe amevaa suti na kiatu nyeusi inang'aa, anatoa funguo. Sasa sisi, mama mkwe haongei na mkwe ovyo. Ni heshima kubwa, hata macho hamwangaliani. Nikavuta msichana wangu nyuma ya nyumba.

"Mwambie bwanako tunaenda na mguu."

"Mama, na hii matope? Si tuna gari?"

"Mwambie."

"Nimwambie ni kwa nini?"

"Mwambie ni mila."

Alinitazama, lakini akaenda. Tulitembea. Mkwe alikuwa mbele, anainua mguu kama jogoo kwa maji. Viatu ya msichana wangu iliachwa kwa tope mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma naimba, kwa aibu.

Kwa geti ya kanisa nilihesabu. Tisa, zimesimama kiupande. Na nani amesimama hapo anasalimia watu, kama si injinia, sasa yeye ndiye mwenyekiti, tumbo imeongezeka. Alisalimia mkwe wangu, akaangalia suti, akashuka na macho mpaka kwa viatu. Akaangalia viatu muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi.

"Mama," akasema, "nimesikia umepata mgeni na gari."

"Gari gani?" nikamwambia. "Si unaona amekuja kwa mguu."